Mbona Mimi?

Neno la kwanza alilotoa dere wa matatu yetu aliposhuka garini halikuwa pole. Mama muuza mahindi alikuwa amelala ubavu kando ya jiko lililopinduka, makaa yakizimika katika maji ya mtaro kwa mlio wa chwii, chwii, mahindi yametawanyika hadi chini ya gurudumu. Trafiki aliyekuwa amesimama hatua chache mbele yetu alikuja mbio ameshikilia kofia yake. Dere hakumtazama mama. Alimtazama trafiki, akafungua mikono kama mtu aliyeibiwa, akasema: "Sanse, mbona mimi?"

Nilikuwamo. Kiti cha tatu kutoka mlangoni, upande wa dirisha, begi mapajani. Ilikuwa Jogoo Road, Nairobi, Novemba 2009, mvua ya vuli imeanza saa ileile watu wa Eastlands wanapotoka kazini, na kila aliyekuwa ndani ya gari lile alikuwa na sababu yake ya kutaka kufika.

Kwa miaka mingi nilidhani maneno yale ni ya mtu aliyekauka moyo. Niliyasimulia kwa kinyozi, nikayasimulia kazini, nikayasimulia hata kwenye matanga, kama mfano wa jinsi watu wa matatu walivyo. Siku hizi nayasikia vingine. Yule mtu alikuwa anauliza swali la haki, na hapakuwa na yeyote pale barabarani aliyeweza kumjibu.

Jina lake nitaliacha. Tulikua pamoja Maringo, katika zile nyumba za baraza la jiji, naye alikuwa na mkono mwepesi kuliko sisi wote wa kukunja waya. Gari la waya lilikuwa na ufundi wake: waya wa kuanikia nguo ukiweza kuuchomoa mama asijue, vifuniko vya mikebe vya kuwa magurudumu, vipande vya patipati kuukuu vya kuwa matairi, na usukani mrefu unaokufikia kifuani ili uendeshe umesimama, unakimbia nyuma ya gari lako mwenyewe. Pasaka ilipofika na Safari Rally kuanza, hakuna mtoto aliyetaka kuitwa jina lake la ubatizo. Kulikuwa na Joginder Singh wetu, kwa heshima ya yule aliyeshinda 1965, 1974 na 1976. Kulikuwa na Shekhar Mehta, maana Mehta wa kweli alikuwa ameshinda 1973, kisha akashinda minne mfululizo kuanzia 1979 hadi 1982. Rafiki yangu alikuwa Mehta siku zote, na hakuna aliyembishia, kwa kuwa alikuwa hapunguzi mwendo kwenye kona ya choo cha umma.

Jambo moja la Safari ya zamani hatukulijua tulipokuwa watoto. Mashindano yale, yaliyoanza 1953, yalikimbizwa katika barabara za kawaida, zenye ng'ombe, malori na watu wanaokwenda sokoni, na mshindi alikuwa yule aliyebeba adhabu chache kuliko wenzake. Ukichelewa kufika kituo cha ukaguzi, dakika zako zinaandikwa, na zinaandikwa zilezile uwe Mzungu wa kampuni kubwa au fundi wa Nakuru aliyejitengenezea gari lake. Mwaka 1973 Mehta na Harry Källström wa Sweden, wote wakiwa katika Datsun, walimaliza na adhabu sawasawa kabisa. Kanuni ya kuwatenganisha waliofungana ilikuwapo tayari. Ikafuatwa, Mehta akapewa kombe. Saa haina shemeji. Haijui uliahidi nini jana wala una sura gani leo.

Mwaka huohuo wa 1973 Rais Jomo Kenyatta alitangaza kwamba matatu ziruhusiwe kubeba abiria bila zile leseni za biashara zilizokuwa zikiwasumbua wenyewe. Lilikuwa tendo jema. Wananchi walikuwa wanahitaji usafiri, na vijana walikuwa wanahitaji kazi. Lakini nikiutazama mwaka ule kwa mbali naona mbio mbili zikianza kuachana njia: moja ina mwenye saa katika kila kituo, nyingine haina saa wala mwenyewe. Rafiki yangu alikulia katika ndoto ya ile ya kwanza, akaajiriwa katika ile ya pili.

Alianza kama kila mtu anavyoanza. Manamba wa kuita abiria, kisha donda wa mlangoni, kisha skwodi, yaani dereva wa kushikia mwenzake tripu mbili akiwa anakula, kisha dere kamili mwenye funguo mfukoni. Anayetaka kuelewa kwa nini matatu zinakimbizana aache kutafuta bangi na miraa, atafute hesabu. Asubuhi mwenye gari anakabidhi gari, jioni anataka kiasi fulani mkononi, mvua au jua. Mafuta yanatoka kwenu. Pesa za steji zinatoka kwenu. Kinachobaki baada ya hapo ndicho mshahara wa dere na makanga, na kama hakijabaki, mmefanya kazi ya bure tangu saa kumi na moja alfajiri. Kwa hiyo gari lililo mbele yako halikupiti tu: linabeba abiria wako, linakula chakula chako. Huyo si mwenzako wa foleni. Ni mpinzani, na barabara ni uwanja.

Uwanja wowote unahitaji refa, na hapo ndipo rafiki yangu aliposoma shule yake ya kweli, pale karibu na mzunguko wa Donholm. Jumatatu aliovalapu, akapita upande wa magari yanayokuja, akaingia mbele ya foleni nzima. Trafiki alikuwa anaongea kwenye simu, akampungia mkono. Jumanne kosa lilelile lilimgharimu noti ya mia iliyokunjwa ndani ya leseni. Jumatano alikuta askari mgeni ambaye hakutaka kusikia habari ya mia. Askari huyo aliingia garini, akaketi kiti cha mbele, gari likalala kituoni, hesabu ya siku mbili ikapotea. Alhamisi hakukosa chochote, alipanga foleni kama mtu wa kanisa, na bado alitoa mia, kwa sababu ilikuwa mwisho wa mwezi.

Wewe ungekuwa mwanafunzi wa shule hiyo ungejifunza nini?

Yeye alijifunza sura. Alijua yupi ana mtoto aliyefukuzwa shule kwa karo, yupi ameokoka juzi na bado ana moto, yupi anahamishwa Ijumaa. Ukimuuliza kifungu cha sheria ya barabara alikuwa hajui hata kimoja, ila angekueleza zamu za makarau wa Jogoo Road kwa wiki nzima. Adhabu kwake iligeuka kuwa hali ya hewa. Mvua hainyeshi kwa sababu umekosa. Inanyesha tu, na mtu mwerevu hutazama mawingu, akabeba mwavuli wa noti za mia. Na ikimnyeshea akiwa hana mwavuli, hasemi "nimetubu". Anasema "mbona mimi?"

Nisije nikaonekana nawatetea madereva kwa kuwachafua askari peke yao. Yule askari wa Jumatano alikuwa anafanya kazi yake sawasawa. Lakini askari mmoja mwenye haki katikati ya sita wasiokuwa nayo haonekani mwenye haki. Anaonekana mwenye roho mbaya. Hilo ndilo linalonisikitisha zaidi katika habari nzima: adhabu isiyo na mpangilio humharibia sifa hata anayeitoa kwa haki.

Kuna kipindi mambo yalikuwa tofauti, na rafiki yangu ndiye aliyenikumbusha. John Michuki alipokuwa Waziri wa Uchukuzi alitoa kanuni mwaka 2003, zikaanza kazi tarehe 1 Februari 2004: spidi gavana ya kilomita 80 kwa saa, mikanda katika kila kiti, mstari wa manjano ubavuni, sare kwa dere na makanga, hakuna kusimamisha abiria. Wenye magari wengi walidhani ni maneno ya wanasiasa. Siku za kwanza magari yasiyotimiza masharti yalibaki nyumbani, na watu wa Eastlands walitembea kwa miguu hadi mjini kwa maelfu, Jogoo Road imejaa viatu vya ofisi vyenye vumbi. Serikali ililaumiwa, ikatukanwa, haikulegeza. Ajabu ni kwamba wale waliotembea hawakulalamika sana. Nilikuwa mmoja wao, na nakumbuka mzee mmoja karibu na City Stadium akisema heri miguu iume kuliko ikatwe.

"Ule mwaka niliendesha kama padri," rafiki yangu aliniambia. "Si kwamba nilikuwa mtu mzuri, buda. Nilikuwa nikipanga foleni naona na yule mwingine amepanga. Sipotezi kitu."

Sijasikia maelezo bora zaidi ya kazi ya sheria, na nimesoma vitabu kadhaa. Dere hakuogopa ukubwa wa adhabu. Alitulizwa na usawa wake. Foleni haina aibu ikiwa wote wamepanga. Inageuka ujinga pale tu mmoja anapopita pembeni na refa akatazama upande mwingine. Baadaye ndivyo ilivyokuwa. Spidi gavana zikapata mafundi wa kuzinyamazisha. Mikanda ikawa vitambaa vya kufungwa kizuizini tu, makanga akiita "fungeni mikanda, makarau wako mbele", na kilomita moja baadaye kila mtu ameachia. Gari moja likaachwa, la pili likaachwa, na padri wetu akavua joho.

Sasa nirudi Novemba.

Tulitoka mjini gari limekaribia kujaa, muziki umepanda, vioo vimefunikwa na ukungu wa pumzi za watu. Baada ya City Stadium tulilipata gari lingine la njia yetu, nalo lilikuwa na nafasi chache zilizobaki, kwa hiyo lilikuwa na njaa. Mbele yetu kulikuwa na steji yenye umati unaosubiri. Atakayefika kwanza anabeba, atakayefika wa pili anaokota masalio. Magari mawili yakawa ubavu kwa ubavu, vioo vya pembeni karibu vinapigana busu, makanga wote wawili wananing'inia milangoni wakitukanana kwa furaha, kama mashabiki wa soka wa Gor na wa Ingwe.

Nadhani watu wengi hawajui raha iliyomo katika dakika kama ile. Ni raha ya kweli. Mama wa kiti cha mbele, ambaye dakika kumi kabla alikuwa anaombea safari, alipiga kelele: "Panda dere, panda hapo kando!" Wengine wakaitikia. Mimi sikupiga kelele. Nilitazama saa yangu, nikaona tutafika mapema, nikafurahi kimyakimya, ambayo ni namna ya mtu aliyesoma ya kupiga kelele.

Gari la kulia likatubana. Lilifanya makusudi, lilitusogelea taratibu, likaifunga njia kama mtu anavyofunga mlango mgeni akiwa bado anaongea. Dere wetu alikuwa na mambo mawili ya kuchagua: breki au ukingo. Breki ilikuwapo. Nasema hivyo kwa sababu baadaye, kortini na nje ya korti, alizungumza kana kwamba haikuwapo. Alipanda ukingo, kama alivyokuwa amepanda mara mia pale pale, mbele ya askari yuleyule, na magurudumu ya kushoto yakapita mahali ambapo siku nyingine huwa hapana kitu, ila jioni ile mama alikuwa amesogeza jiko lake mita mbili ili akae chini ya paa la kibanda, asinyeshewe.

Gari lililotubana halikusimama pale. Lilikwenda kuchukua abiria wa steji.

Mguu wa mama ulivunjika mahali pawili. Dere alishtakiwa, akapigwa faini; pesa zilipokosekana alikaa ndani hadi ndugu zake walipochanga. Mwenye gari alipata dere mwingine kabla ya wiki kwisha, na gari lilirudi kazini na rangi mpya upande wa kushoto. Nilimtembelea rafiki yangu alipotoka, nikitarajia kumkuta amevunjika. Nilimkuta amekasirika. Alikuwa na orodha kichwani ya wote waliopanda ukingo ule na hawakufanywa kitu, kuanzia yule aliyetubana. Alinihesabia kwa vidole, akamaliza vya mikono, akaanza tena. Katika orodha nzima mama wa mahindi hakuwamo.

Hapo ndipo ninapoiona leo hasara yenyewe. Adhabu ya bahati nasibu haikuwa imemwonea. Alikuwa amekosa, na aliadhibiwa kwa kosa alilolitenda. Lakini ilikuwa imemwibia kitu ambacho adhabu yoyote inapaswa kumpa mkosaji, yaani nafasi ya kujuta. Mtu hawezi kujuta na huku anajihesabu kuwa mwenye bahati mbaya. Akili yote imekwenda kuwatafuta wale wengine.

Karibu miaka 15 baada ya ajali tulikaa tena pamoja usiku, tarehe 27 Oktoba 2024, katika hoteli moja ya Umoja yenye televisheni kubwa. Siku hizi ana gereji ndogo ya jua kali, haendeshi abiria, ila ugonjwa wa mbio haujampona. Amehamia Formula 1. Mbio za Mexico zilianza saa tano za usiku kwa saa zetu, na tulikuwa watu sita tu pamoja na mhudumu aliyesinzia. Kufika mzunguko wa 10, Max Verstappen alikuwa amembana Lando Norris nje ya njia mara mbili, kona mbili za mzunguko mmoja. Wasimamizi wakampa sekunde 10 kwa la kwanza na sekunde 10 kwa la pili.

Rafiki yangu akacheka hadi mhudumu akaamka. "Wamemshika leo kwa sababu ya kelele za wiki jana," alisema.

Alikuwa na hoja. Wiki moja kabla, huko Austin nchini Marekani, wawili haohao walikuwa wamefika konani ubavu kwa ubavu, wakatoka nje ya njia pamoja, Norris akiwa ndiye wa upande wa nje. Aliporudi barabarani akiwa mbele, sekunde 5 zilimwangukia yeye, akapoteza nafasi ya tatu, Verstappen akaichukua. Kwa hiyo wiki moja aliyesukumwa nje ndiye aliyelipa, wiki iliyofuata aliyesukuma akalipa mara mbili. Wanasheria wa mbio watakueleza tofauti: nani alikuwa mbele kwenye kilele cha kona, nani alikuwa na haki ya njia. Huenda wana haki. Lakini wasimamizi wa mbio zile hawakai walewale msimu mzima. Hubadilika kutoka mbio hadi mbio, kama zamu za Donholm.

"Huyo wa rangi ya chungwa ni mimi," rafiki yangu aliendelea, akiionyesha McLaren ya Norris kwa kijiti cha meno. "Nimebanwa, nimetoka nje, nimeandikwa mimi."

"Pale nje Norris hakukuta jiko," nikamwambia.

Alinyamaza kidogo, kisha akaomba chai nyingine.

Ukitaka mfano mkali kuliko huo, rudi nyuma hadi kwa Michael Schumacher. Tarehe 13 Novemba 1994, Adelaide, Australia, mbio za mwisho za msimu, aligongana na Damon Hill, wote wawili wakatoka mashindanoni. Schumacher akawa bingwa wa dunia kwa pointi moja, 92 kwa 91, na hakuadhibiwa. Tarehe 26 Oktoba 1997, Jerez, Uhispania, mbio za mwisho tena, ubingwa tena mezani, alimgeuzia Jacques Villeneuve gari ubavuni. Safari hii mpango ulimkataa: yeye akanasa kwenye changarawe, mwenzake akaendelea, na shirikisho likamfutia nafasi yake katika msimamo wa msimu mzima. Kuna watu hadi leo wanaapa kwamba la Adelaide lilikuwa ajali. Sawa. Lakini dereva yeyote anayejifunza kazi aliona somo moja pale, nalo ni somo la Jumatatu na Jumatano: mwendo uleule uliwahi kumpa mtu kombe.

Wenzetu wa Ulaya wanapobishana juu ya sekunde 5 au 10, sisi huku huona ni mambo ya matajiri. Mimi naona wanabishana juu ya mia yetu ya kwenye leseni. Silverstone, Julai 2021, Lewis Hamilton aligusana na Verstappen kwenye mzunguko wa kwanza, Verstappen akaenda ukutani na kutoka hapo hospitali. Hamilton alipewa sekunde 10, akazitumikia, na akashinda mbio. Simsemi Hamilton kwamba alifanya makusudi. Nasema adhabu inayolipika na faida ikabaki ni ushuru wa barabara. Dere wetu aliutenga ushuru huo kila asubuhi pamoja na pesa za mafuta.

Jambo moja wenzetu wanalo, nasi tungeweza kuliiga bila kununua mtambo wowote. Katika Formula 1 makosa ya aina nyingi huacha pointi kwenye leseni ya dereva, na ukifikisha 12 ndani ya miezi 12 unakaa nje mbio moja, liwe jina lako kubwa au dogo. Kevin Magnussen alizifikisha mwaka 2024, akaikosa Azerbaijan. Hakuna aliyehitaji kumchukia wala kumhurumia. Hesabu ilifika. Hiyo ndiyo saa ya Safari imerudi kwa mlango mwingine.

Kwetu sheria si haba. Bunge liliongeza makali ya Sheria ya Trafiki mwaka 2012, na mwaka huohuo likaunda NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani. Mwaka 2016 ilichapishwa hata orodha ya faini za makosa madogo, imepangwa vizuri kama menyu: ukizidisha mwendo kwa kilomita 1 hadi 5 unapewa onyo, ukizidisha kwa 16 hadi 20 ni shilingi 10,000. Menyu nzuri haishibishi ikiwa mpishi anapika anachotaka. Kila baada ya ajali kubwa mwanasiasa husimama akadai adhabu kali zaidi, na kila nikimsikia namkumbuka padri wa 2004, ambaye hakuwahi kuniambia adhabu ya Michuki ilikuwa kiasi gani. Sidhani aliijua.

Mama alirudi palepale baada ya miezi mingi. Kwa muda mrefu nilipita upande wa pili wa barabara, kisha siku moja nikajikaza, nikanunua hindi. Hakunijua, na hakuwa na sababu ya kunijua. Fimbo yake ilikuwa imeegemezwa kwenye gunia. Nilimuuliza kuhusu mguu, kwa ile sauti ya mteja anayepitisha wakati hindi likiiva.

"Ni gari, mwanangu."

"Dereva alishtakiwa, mathe?"

"Nasikia alishtakiwa." Aligeuza hindi, akalipepea. "Mimi sikuitwa."

Nami sikuitwa, ila sababu yangu ni nyingine. Jioni ile tulikuwa abiria 33, na sote tuliona kila kitu: gari lililotubana, namba yake ya usajili nyuma, breki ambayo haikukanyagwa, mama wa kiti cha mbele aliyepiga kelele, na mtu wa kiti cha tatu aliyetazama saa. Mtu mmoja angetosha kuandikisha maelezo. Dere alipokuwa bado anamuuliza trafiki swali lake, makanga alifungua mlango, akasema kila mtu ajipange. Nilishuka na wenzangu, nikavuka barabara mbio, begi kichwani kwa sababu ya mvua, nikapanda gari lililokuwa likipita. Kupitia kioo chenye ukungu nilimwona trafiki ametoa daftari, anatazama huku na huku, akitafuta shahidi katika gari tupu. Makanga wa gari jipya alikuwa anaita hamsini, hamsini. Nililipa, na saa mbili kasoro robo nilikuwa nyumbani.